Sentebale: fahali wamepigana

Wadau, mwaka 2006 Prince Harry na Prince Seeiso wa Lesotho walianzisha Sentebale kuwakumbuka mama zao. Kwa Kisotho maana yake "usinisahau". Imewasaidia watoto na vijana wanaoishi na VVU, Lesotho na Botswana. Safi sana.

Machi 2025 wadhamini wakagombana na mwenyekiti, na wanawafalme wote wawili wakaachia ulezi. Agosti, tume ya Uingereza inayosimamia mashirika ya hisani ikazilaumu pande zote kwa kuanika ugomvi hadharani.

Sisi waandishi je? Tulikimbilia nani kamsema nani. Hata mimi. Watoto tukawasahau, na jina lenyewe lilishatuomba tusisahau! Jina la kifalme hufungua pochi, lakini likiondoka, anayebaki na njaa siyo mwanamfalme. Mnasemaje?