Darasa Lianze Kwenye Karasha

JEMBE NA KALAMU
Na Kulwa Masanja

Kijana wa Nyarugusu, Geita, hahitaji semina ya kumwambia kwamba ana mikono. Huenda kabla ya kumaliza shule ya msingi alishabeba viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimoni, akala vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, akakamua zebaki kwenye kitambaa. Agosti 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu machimbo madogo ya dhahabu nchini, Geita ikiwamo. Walikuta hata watoto wa miaka minane kazini. Wakati huo Sheria ya Mtoto ya 2009 ilishakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18.

Kwa hiyo huniuma nikiona stadi za maisha zimekuwa daftari, nauli na picha ya pamoja, halafu alasiri kijana yuko mwaloni, panapooshwa mawe yaliyosagwa.

Mimi ningeanza na ritoti. Ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linalopozwa kwa maji. Dhahabu iliyoshikana na zebaki ikichomwa humo, mvuke hupoa bombani na zebaki ikarudi, badala ya kuingia mapafuni. Wapo wanaoichoma bila ritoti, kwenye jiko lilelile la ugali. Mpe kijana aliyetimiza umri aitengeneze, fundi akiwa pembeni. Atapima, atakata, atajua kwa nini bomba lililopakwa zinki halifai: zebaki hung'ang'ania zinki. Atachomelea, atajaza maji, litavuja, atarudia. Kisha apige hesabu ya chuma, umeme na siku zake, ataje bei, na asiyumbe mwenye mwalo akimbishia. Na amweleze mama yake, kwa maneno yake mwenyewe, mvuke ule unavyoharibu neva na figo.

Ritoti si mwisho wa safari. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na zebaki yenyewe lazima ituondokee. Kituo cha mfano cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) pale Lwamgasa kipo kuwaonyesha wachimbaji wadogo uchenjuaji ulio bora. Vijana wapelekwe huko pia, na mabinti wasiachwe kwenye cherehani peke yake, maana mwaloni wanasimama wao pia.

Mafundi wa kuchomelea tunao. Bila wao karasha zingesimama. Halmashauri inunue chuma, kila fundi apewe wanafunzi wawili. Jengo la darasa linaweza kusubiri.