Mama Aliyewanyima Wanawe Urithi

Mtu akitajiwa Wamisri wa kale, mara moja hukumbuka piramidi, Mafarao, na maiti zilizozongwa sanda za kitani. Hayo ni ya kweli, lakini ni mambo ya wakubwa. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za watu wa kawaida, watu wa kungoja mwisho wa mwezi kama sisi.

Ng'ambo ya magharibi ya mto Naili, kuelekeana na mji wa Luxor, yako magofu ya kijiji kiitwacho Deir el-Medina. Palikuwa na nyumba kama 70 zilizozungukwa na ukuta, na humo walikaa mafundi waliochonga makaburi ya Mafarao ndani ya miamba. Misri ya siku zile haikuwa na sarafu. Mshahara wao ulikuwa ngano na shayiri. Kwa bahati njema, wengi wa watu hawa walijua kuandika, nao waliandika kila jambo juu ya vigae na vipande vya mawe: madeni, magomvi, mpaka sababu za kutofika kazini. Jiwe moja la namna hiyo, la mwaka wa 40 wa Ramesses II, limo katika nyumba ya makumbusho ya London. Fulani aliumwa na nge, fulani aliumwa macho, fulani alikuwa akipika pombe. Mimi niliye karani nilicheka nilipoisoma sababu hiyo ya mwisho, kwa maana nasikia ilikubaliwa kuandikwa daftarini bila haya.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Naunakhte. Aliolewa kwanza na karani Kenherkhepeshef, mtu aliyemzidi umri sana, mpenda vitabu, mwenye kitabu cha kufasiri ndoto. (Mwandiko wa karani huyo, wataalamu wasema, ulikuwa mbaya mno. Yaonekana ugonjwa huo ni wa zamani.) Hawakupata watoto. Mzee alipokufa, Naunakhte aliolewa na fundi mmoja, Khaemnun, akamzalia watoto wanane, na mmoja wao wa kiume akampa jina la yule mume wa kwanza.

Yapata mwaka 1145 kabla ya Kristo, mwaka wa 3 wa Ramesses V, mama huyu, naye amekwisha kuwa mzee, alisimama mbele ya baraza la kijiji na mashahidi 14, akatoa wosia wake. Maneno yake yaliandikwa katika karatasi za mafunjo, na leo zimehifadhiwa Oxford. Alianza kwa kusema kwamba yeye ni mtu huru wa nchi ya Farao. Kisha akaeleza ya kuwa amewalea watoto wanane, na kila mmoja alipoanza nyumba yake alimpa vyombo kama ilivyo desturi. Sasa amezeeka, na wako wasiomtazama. Basi aliyemshika mkono katika uzee wake atapata mali yake, asiyemshika hatapata.

Hapo akawataja mmoja mmoja kwa jina. Wa kiume na wa kike wamo katika pande zote mbili, maana kwa Wamisri binti alirithi kama ndugu yake. Kijana yule Kenherkhepeshef alipewa bakuli la shaba nyeusi zaidi ya wenzake, kuwa zawadi yake peke yake.

Huenda msomaji atauliza, mume alikuwa wapi? Alikuwapo, wala hakuwa na neno la kupinga. Katika sheria ya Wamisri mke alikuwa na mali yake mwenyewe: aliweza kununua, kuuza na kurithisha, na kusimama barazani pasipo kusemewa na baba wala mume. Tena Naunakhte hakuvuka mpaka wake. Alichonyima ni kile kilichokuwa chake. Lakini mali ya baba yao, alisema, wote wanane wataigawana. Wako watakaomwona mkali. Mimi naona alikuwa mwangalifu kuliko wazazi wengi wanaokufa wamenyamaza, wakawaachia watoto wao kesi.

Mama alijua vema kwamba neno la mzee husahauliwa upesi. Mwaka uliofuata Khaemnun alirudi barazani pamoja na watoto, wakakiri kwamba maandiko ya Naunakhte yatafuatwa kama yalivyo, na kwamba mwana wao Neferhotep hana fungu katika mali hiyo. Kikaapwa kiapo kwa jina la Farao: atakayegeuza neno lake na kulianzisha shauri upya, atapigwa fimbo 100 na kunyang'anywa mali yake.