Picha ya mti bila jina ni nusu ya picha

Kila ifikapo Desemba, shule zinapofungwa na mabasi ya kwenda mashambani yanapojaa pomoni, simu zetu hugeuka bustani. Huyu atatuma picha ya ule mti wa maua mekundu uliochanua kando ya barabara; yule atatuma mbuyu uliopigwa picha jua likitua; wa tatu atatuma msaipresi uliopambwa kwa taa na pamba katika sebule yake. Picha hizo huandamana na maneno machache ya kutakiana heri, na baada ya siku mbili husahaulika.

Mimi si adui wa desturi hii. Kwa hakika ningependa idumu, maadamu mtu anayesimama kuutazama mti ni afadhali kuliko anayeupita. Lakini nina swali moja ambalo kazi yangu ya kufundisha isimu haliniruhusu kulinyamazia: mti huo unaitwaje?

Desemba iliyopita swali hili liliingia nyumbani kwetu. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mpwa wangu anayesoma chuoni alituma picha ya mti mkubwa ulio mpakani mwa shamba la marehemu babu, katika miteremko ya Mlima Kenya. Tuliusifu sote. Mmoja alisema ni fahari ya ukoo, mwingine akasema ni zawadi ya Mungu. Nilipomwuliza mpwa wangu jina lake alinijibu kwa adabu, "Ni mti tu, Mjomba." Hakuna aliyemsahihisha, wala mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu, ambaye hapendi kuandika na hutuma ujumbe wa sauti. Alisema, "Huo ni muringa. Babu yenu alichonga mizinga ya nyuki kwa muringa. Na kama hamjui, umeshapatiwa bei na mpasua mbao." Kundi lilinyamaza kimya. Tulikuwa tumekesha tukiusifu mti ambao mmoja wetu alikuwa ameshaufanyia hesabu ya mbao. Hata hivyo, tangu siku ile mazungumzo yalibadilika. Watu waliokuwa wakisema "mti ule" walianza kusema "muringa wa babu", na aliyetaka kuuza aliona vigumu kutaja bei. Hadi leo mti umesimama, ingawa mjadala haujaisha.

Kisa hiki ni kidogo, ila kinanifunza kwamba kitu kisicho na jina ni rahisi kukiuza. "Mti" ni kuni, mbao, au kizuizi cha barabara. "Muringa wa babu" una mwenyewe, una kazi, una historia.

Msomaji aweza kusema kwamba namtwika mzigo mtu anayejifurahisha tu katika likizo yake, na kwamba picha ni picha. La hasha. Picha ya mti haijawahi kuwa kitu cha mzaha. Mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiuzunguka mti wa Krismasi uliopambwa. Desturi hiyo ilikuwa imeshamiri zaidi Ujerumani, na Uingereza ilijulikana kwa wachache. Mwaka 1850 jarida la Marekani, Godey's Lady's Book, liliuchapisha mchoro huo huo baada ya kumvua malkia taji lake na kumnyoa Albert masharubu, ili waonekane kama familia yoyote ya Kimarekani. Michoro hiyo ilichangia sana kuueneza mti wa Krismasi katika nyumba za mataifa hayo mawili, na baadaye desturi ikatufikia sisi. Msaipresi unaopambwa Nairobi leo, mti ambao asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, una nasaba katika picha iliyosambazwa.

Hapa kwetu pia tumeuona uwezo huo. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa ikijengwa, kulikuwa na mpango wa kuuondoa mti mkubwa uliosimama Waiyaki Way, Westlands, unaokadiriwa kuwa na umri wa takriban karne moja. Wanamazingira walipiga kelele, picha zake zikaenea, na mnamo Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe. Lakini haukuokolewa kwa uzuri wake pekee. Uliokolewa kwa sababu ulijulikana kuwa ni mugumo, na mugumo kwa Wakikuyu ni mahali pa ibada. Kuuangusha ni jambo la kuogofya. Miti mingapi ya barabara hiyo ilikatwa pasipo mtu kuitaja?

Miaka miwili baadaye, Novemba 2022, picha za mibuyu ya Kilifi iliyokuwa iking'olewa ili isafirishwe hadi Georgia ziliwatia watu uchungu, na Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Hapo tena kila mtu alijua kinachong'olewa. Mbuyu umejikita katika lugha ya pwani: mti ni mbuyu, tunda lake ni buyu, na unga wa ndani tunaoupaka sukari na rangi ni ubuyu. Neno moja limezaa matatu kwa kubadilisha viambishi tu. Mnazi nao umewapa Waswahili kidaka, dafu, koroma na nazi, kila jina na rika lake. Lugha haitoi majina mengi kiasi hicho kwa kitu ambacho watu hawakukitazama kwa karibu.

Wala si pwani pekee. Muringa wa shangazi yangu huitwa mringaringa kwa Kiswahili, na sikio lolote litatambua kwamba majina hayo ni ndugu. Mti ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, Wamaasai huuita oltarakwai, na Kiswahili kinao kama mtarakwa. Majina haya ni ushahidi kwamba majirani walizungumza, wakabadilishana bidhaa na maarifa, kabla ya mtu yeyote kuwachorea mipaka. Hata miji yetu imebatizwa kwa miti: Mombasa ina Mwembe Tayari, Nairobi ina Mugumoini. Wazee wetu walipotaka kumwelekeza mgeni, walimtajia mti.

Na kipawa hicho cha kutaja hakikukoma zamani. Ule mti wa maua mekundu tunaoupiga picha mwezi huu ulitoka Madagaska, lakini wasemaji wa Kiswahili waliutazama, wakaona unachanua wakati wa Krismasi, na wengine wakauita mkrismasi. Hakuna kamati iliyoketi. Waliona, wakataja. Sisi tunaona, tunapiga picha, kisha tunaandika "mti mzuri".

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Siku hizi ningethubutu kuongeza kwamba penye picha hapana majina. Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko ili twende tukapande. Jambo hilo ni jema. Lakini mtu anayepanda "mti" bila kujua ni mti gani hawezi kujua kama unafaa kando ya mto au juu ya mlima, kama unakausha chemchemi au unaihifadhi, kama ng'ombe watakula majani yake au watadhurika. Idadi hutuambia tumepanda mingapi, ila jina ndilo hutuambia tumepanda nini.

Walimu wenzangu, hapa ndipo tunapohusika. Lugha za mama zinapofifia, majina ya mimea huwa miongoni mwa maneno ya kwanza kupotea, kwa kuwa hayatumiki darasani wala mjini. Mwanafunzi anaweza kuhifadhi maneno "baba", "maji" na "chakula" katika lugha ya bibi yake, huku akiwa hawezi kutaja hata miti mitano iliyo uani kwake. Naye bibi hatakuwapo daima. Mtaala wetu wa umilisi husisitiza mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Basi likizo hii ndiyo maabara.

Napendekeza jambo dogo. Mwanafunzi arejeapo Januari, aje na picha ya mti mmoja wa nyumbani. Asiye na simu auchore. Chini ya picha aandike mambo manne: jina la mti katika lugha ya mama, jina lake kwa Kiswahili, kazi yake, na ni nani aliyeupanda au aliyeukuta. Mambo hayo manne hayapatikani katika simu yenyewe. Itambidi aketi na mzee, aulize, asikilize. Darasa la wanafunzi arobaini litakuwa na miti arobaini ukutani, na mwalimu wa Kiswahili, wa sayansi na wa historia wote watakuwa na la kufundisha.

Nakiri kwamba kutaja kuna hatari zake. Msandali, kwa mfano, umewindwa na magendo kiasi kwamba mwaka 2007 serikali ilipiga marufuku uvunaji wake katika misitu ya asili. Mti wa namna hiyo utajwe jina bila kutajwa mahali ulipo. Hata hivyo wezi wa miti wanayajua majina kutushinda, na hawakuyapata kwetu. Ujinga wetu haujawahi kuulinda msandali hata mmoja.

Mwaka huu mpwa wangu amekwisha kutuma picha nyingine. Ni mti mfupi, wenye magamba na maua mekundu, ulio nyuma ya jiko la shangazi. Chini yake ameandika: "Huu sijaujua. Nimemwuliza shangazi, naye amesema niende nao jani kwa mzee wa ng'ambo ya mto." Hakuna hata mmoja wetu aliyesema ni mti mzuri. Sote tunangoja jina.