Udhia wa Maneno

Hapana sikio lisilokuwa na neno linalolichukia. Mwalimu hukunja uso asikiapo "masaa". Mzee wa pwani hutikisa kichwa mtangazaji asemapo "majira ya saa nne", kana kwamba saa nne ni masika au kipupwe. Mhariri husaga meno aonapo "kiukweli" mwanzoni mwa sentensi, akajiuliza kama sentensi zilizotangulia zilikuwa za uongo. Chuki hizi ni za kawaida, na katika mazungumzo ya watu waliosoma zimekuwa kama tambuu: hutafunwa baada ya chakula, zikaburudisha kinywa, kisha zikatemwa. Walakini kuudhika kwa maneno ni jambo lenye maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana sikio ni bawabu wa akili. Bawabu akiwa macho, nyumba ina usalama. Msiba wa siku hizi ni kwamba bawabu huyu amewakamata wapita njia, na wezi amewapigia saluti.

Wa kwanza kukamatwa ni neno geni. Wako watu wanaoona haya kusikia neno la Kiingereza limevikwa kanzu ya Kiswahili, wakapiga kelele kwamba lugha inakufa. Watu hao hao huketi mezani, hufunua kitabu, huwapeleka watoto wao shule na kusimama wima mbele ya bendera, wasikumbuke kwamba meza na bendera ni maneno ya Wareno, kitabu ni neno la Waarabu, na shule ni neno lililoachwa na Wajerumani. Maneno haya yalikuja na mizigo yao mkononi, yakapokewa, yakazaa.

Wa pili ni neno la mtaani. "Daladala" lilizaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1980, katika vinywa vya makondakta walioitisha nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Halikuomba ruhusa ya baraza wala kamati. Leo hapana profesa anayeweza kueleza safari yake ya mjini pasipo kulitumia. Wa tatu ni neno la jirani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, "ndia" ya Mvita na Lamu ilihesabiwa kosa mbele ya "njia" ya Unguja, ingawa zote mbili humfikisha mtu aendako, na mtu aliyesema kama mama yake akaonekana kuwa hajui lugha yake mwenyewe.

Watuhumiwa hawa watatu wana jambo moja la kuwatetea: msemaji wao husema kitu, na msikilizaji hukipata. Asemaye "masaa matatu" huenda amevunja kanuni ya ngeli, lakini hapana mtu atakayekwenda kumngojea kwa masaa manne. Kosa lake ni la nguo, si la moyo. Kumkemea si dhambi, na mwalimu analipwa kwa kazi hiyo. Lakini kumkemea yeye peke yake ni dhuluma, maana mkosaji mkubwa yuko ukumbini, amevaa suti, na anapigiwa makofi.

Jina lake ni changamoto. Neno hili si baya kwa asili. Sauti yake inaonyesha udugu na changamka na changamsha, na katika matumizi mema ni neno la kutia ari: shairi la malenga mmoja huwa changamoto kwa malenga mwingine, naye akashika kalamu ili asishindwe. Aliyetiwa changamoto aliinuka. Siku hizi neno hili hutumiwa ili mtu akae. Hospitali isiyo na dawa ina "changamoto ya dawa". Daraja lililochukuliwa na mto ni "changamoto ya miundombinu". Mhasibu aliyekula fedha za ushirika ni "changamoto ya kimaadili". Mwanamke aliyevunjwa mkono na mumewe ana "changamoto za ndoa". Upungufu, maafa, wizi na ukatili vimetiwa katika gunia moja, gunia likafungwa, na juu yake pameandikwa neno la kuchangamsha.

Sentensi moja yatosha kwa ushahidi: "Kijiji kina changamoto ya maji." Msikilizaji amejua nini? Huenda visima vimekauka. Huenda mto umefurika na watu wamepanda juu ya mapaa. Huenda maji yapo lakini yana chumvi. Huenda bomba limepasuka, au pampu ni nzima lakini mafuta yake hayapo, au mafuta hayapo kwa sababu fedha za kuyanunulia ziliishia mfukoni mwa mtu. Kila hali kati ya hizi ina dawa yake na tabibu wake: ya kwanza humtaka mchimba visima, ya pili humtaka mwenye mtumbwi, ya nne humtaka fundi, na ya mwisho humtaka hakimu. Neno changamoto huwafukuza wote mlangoni kwa mara moja. Wenye kiu hubaki na kiu, na mwizi hubaki na fedha.

Isisemwe kwamba Kiswahili kimefilisika hata kikalazimika kulibebesha neno moja mzigo wa maneno ishirini. Kina uhaba na upungufu kwa kitu kisichotosha, na ukosefu kwa kitu kisichokuwapo; kina ubovu, uchakavu na hitilafu kwa vyombo; kina dosari na kasoro kwa kazi; kina kikwazo na kizuizi kwa safari; kina dhiki, taabu na adha kwa wanaoteseka; kina uzembe, ulaghai na ubadhirifu kwa wanaotesa. Maneno haya yamo katika kamusi, hai na mazima. Kinachopungua si msamiati bali ni ushujaa wa kuutumia. Asemaye "uhaba" huulizwa ni kiasi gani. Asemaye "uzembe" huulizwa ni wa nani. Asemaye "changamoto" haulizwi kitu, hushukuriwa kwa hotuba nzuri.

Sarufi nayo imeitwa isaidie maficho haya. Changamoto, kama zisemwavyo, hazifanywi na mtu: "zimejitokeza". Kiambishi -ji- ni cha kumrudishia mtenda tendo lake. Anayejikata amejikata mwenyewe, na anayejisifu amejisifu mwenyewe. Basi changamoto zilizojitokeza zimejizaa zenyewe, hazina baba wala mama, na wale waliokuwa ofisini siku ya kuzaliwa kwao ni mashahidi tu walioshangaa kama watu wengine. Katika herufi mbili kosa limenyang'anywa mkosaji.

Ndugu wa changamoto ni mchakato. Hili nalo ni neno la watu wa kazi lililotekwa. Mkonge, ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na ukafanya mashamba makubwa ya Tanga, huchakatwa: jani huingia mashineni likiwa bichi, nyama yake hukwanguliwa, nyuzi hutokea upande wa pili, huoshwa na kuanikwa juani. Mwenye shamba hajui uchakataji usiotoa nyuzi. Mchakato wa ofisini una tabia nyingine. Mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe huambiwa kwamba jambo lake "liko kwenye mchakato". Jani limeingia, nyuzi hazionekani, mashine haina sauti, na hapana anayeweza kusema iko chumba gani. Kama angeambiwa kwamba faili lake halijafunguliwa, au kwamba mkubwa fulani hajalitia sahihi, angejua aende wapi kesho. Kwa kuambiwa "mchakato" amerudishwa nyumbani kwa heshima, mikono mitupu.

Yako maneno mengine yanayoudhi ambayo makosa yake ni madogo, na haki hutaka yapimwe kwa mizani yake. Mgeni rasmi "aliweza kuwasili saa nne, akaweza kukagua gwaride, akaweza kuwahutubia wananchi"; msikilizaji hubaki akijiuliza mgeni huyo ana maradhi gani, hata kila hatua yake itangazwe kama ushindi. Yuko pia mpenda "suala zima la elimu", "suala zima la afya", kana kwamba kuna ghala yenye masuala nusu na robo. Yako na maneno "mwisho wa siku", yaliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza yakaingia katika lugha ambayo tangu zamani ilikuwa na mwishowe, hatimaye na alakulihali. Waliotafsiri hawakukumbuka hata kwamba kwa hesabu ya Waswahili siku huisha jua linapokuchwa, na usiku wa Ijumaa hutangulia Ijumaa yenyewe. Haya ni maneno ya kujaza nafasi, kama kokoto katika mchele: huumiza jino, hayaui. Changamoto na mchakato si kokoto. Ni kibaba chenye kitako cha uongo, na anayepunjwa ni mnunuzi.

Watetezi wa maneno haya wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba lugha hubadilika, na anayepinga badiliko hupigana na wimbi. Ni kweli kwamba hubadilika. Daladala limekwisha kutolea ushahidi jambo hilo. Lakini badiliko hupimwa kwa kile linachoongeza. Neno lililoleta jina kwa kitu kisichokuwa na jina limeitajirisha lugha. Neno linaloua majina ishirini ili litawale peke yake limeifukarisha, hata kama wanaolitumia ni wengi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nayo ni ya adabu. Waswahili, husemwa, ni watu wa tafsida: mwanamke hujifungua, mtu huenda haja, na mzee hutangulia mbele ya haki. Kwa nini basi uzembe usisitiriwe kwa neno laini? Jibu ni kwamba tafsida hufunika kitu ambacho kila aliyepo anakijua. Asikiaye kwamba mzee ametangulia mbele ya haki haulizi amekwenda wapi. Huvaa kanzu yake akaenda mazikoni. Tafsida humhurumia mwenye uchungu. Changamoto humfunika msikilizaji macho, na anayehurumiwa ni mwenye mamlaka. Muuguzi anayemwambia mgonjwa kwamba zahanati ina changamoto ya dawa mara nyingi si mwongo. Ni mtu mwenye mkubwa wake nyuma ya mlango, naye amechagua neno ambalo halitamfukuzisha kazi. Ni yeye anayestahili huruma, si neno lake. Neno lake ni dalili kwamba mahali pale kusema "dawa hakuna" kumekuwa hatari.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mapema mwaka 2021 nchini Tanzania, wakati ambapo hesabu za wagonjwa wa UVIKO-19 zilikuwa hazitangazwi tangu mwaka 2020, usemi "changamoto ya upumuaji" ulienea katika taarifa na mazungumzo. Wengi waliousema walikuwa wafiwa na watu wenye hofu, wasiostahili lawama. Lakini ugonjwa ulikuwa na jina, tena jina la Kiswahili lililokwisha kuundwa. Na ugonjwa unaotajwa kwa jina huwafundisha watu namna ya kujikinga, ila changamoto haina kinga wala chanjo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya msamiati autumiao katika kuyaficha.

Lawama hii haiwezi kuishia katika majukwaa ya siasa, maana vyuo vikuu ndivyo kitalu cha maneno haya. Tasnifu baada ya tasnifu ina sehemu ya "changamoto za utafiti", ambamo msomaji huambiwa kwamba mtafiti alikabiliana na changamoto mbalimbali na kwamba aliweza kuzitatua. Hapo ndipo msomaji angetaka kujua kwamba wazee kumi walikataa kuhojiwa, au kwamba kinasa sauti kiliharibika siku ya tatu, au kwamba mtafiti hakuijua vizuri lahaja ya watu aliowahoji. Kwa kuwa mambo hayo ndiyo yanayopima uzito wa matokeo yake. Changamoto huyafuta yote, na msimamizi hupitisha. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba za kukisifu Kiswahili zimeongezeka, na ni nadra hotuba hizo kukosa fungu la "changamoto zinazokikabili Kiswahili". Mojawapo ni hilo fungu lenyewe.

Dawa haihitaji baraza wala sheria. Iko katika ukingo wa karatasi, mahali ambapo kalamu nyekundu ya mwalimu imezoea kuitia alama "masaa". Penye "changamoto" iandike: Ipi? Penye "imejitokeza" iandike: Imeletwa na nani? Penye "mchakato" iandike: Utakwisha lini? Mwanafunzi aliyeulizwa maswali haya kwa miaka mitatu atakasirika mwaka wa kwanza, atazoea mwaka wa pili, na mwaka wa tatu ataanza kujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Kisha atatoka chuoni, atakwenda mkutanoni katika kijiji chenye changamoto ya maji, ataketi kwenye benchi pamoja na wenye ndoo tupu, na afisa atakapomaliza hotuba yake atanyosha mkono.