Jukwaa la shule ni letu pia



Wako miongoni mwetu wanaoona kwamba michezo ya kuigiza shuleni ni kupoteza wakati. Mtoto akirudi nyumbani na kusema anatakiwa kupeleka kitambaa cha vazi la mchezo, mzazi aliyetoka zamu ya usiku humjibu kwamba alimpeleka shule kusoma, hakumpeleka kucheza. Hatuwalaumu wenzetu hao, maana mishahara yetu tunaijua. Lakini hatukubaliani nao, na tunaomba watusikilize.

Tutazame kwanza kwa jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Busia na Malaba. Tamasha lao la michezo ya kuigiza ya shule lilianza mwaka 1959, wakati wa mkoloni. Siku hizo lilikuwa shughuli ya walimu wa Kizungu na Kiingereza chao, na jukwaa lilikuwa jumba la maigizo la Nairobi. Katika miaka ya 1970 Wasambo Were akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mkaguzi wa maigizo mashuleni. Michezo ya Kiswahili ikapata nafasi, na fainali zikatoka Nairobi zikaanza kuzunguka mikoani. Leo shule hushindana kuanzia ngazi ya chini kabisa, hupanda ngazi kwa ngazi hadi fainali za taifa mwezi wa Aprili. Wako wanaoleta michezo, wako wa mashairi ya kughani, wako wa ngoma na wa masimulizi. Washindi huitwa kucheza mbele ya Rais.

Basi mtu atauliza: kama ni mchezo tu wa watoto, mbona wakubwa huuogopa hivi?

Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere walicheza mchezo uitwao Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala. Ulihusu watu wenye mafuta katika ardhi yao na wageni waliokuja kuyatwaa kwa hila. Ukapigwa marufuku. Ilibidi watu waende Mahakama Kuu, nayo ikaondoa marufuku hiyo, na wasichana wakacheza kwenye fainali za Mombasa. Ungedhani somo limeeleweka. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ikaja na mchezo mwingine wa mwandishi huyo huyo, Echoes of War, unaohusu vijana wanaoudai utawala wao uwajibike. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya vijana wa Kenya kujaa barabarani mwaka 2024 kupinga kodi mpya. Mchezo ukaondolewa. Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Lakini wasichana walipofika Nakuru, mwandishi wao alikamatwa usiku akazuiwa kuwafikia, na asubuhi ya tarehe 10 Aprili walitakiwa wacheze bila mwelekezi wao na bila watazamaji. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje, polisi walikuwa wakiwatawanya wananchi na waandishi wa habari kwa mabomu ya machozi.

Hatusemi kwamba kila neno la mchezo ule lilikuwa sawa, wala hatumfanyi mwandishi wake kuwa malaika; yeye ni mwanasiasa, na wanasiasa tunawajua. Tunasema hivi: wale wasichana walikataa kufanya kazi katika masharti yasiyo halali, wakakataa kwa utaratibu, pamoja, bila kuvunja hata kiti. Wangapi kati yetu tumefanya mgomo kwa nidhamu ya namna hiyo? Na mafunzo hayo waliyapata wapi kama si katika mazoezi ya mchezo, ambako mmoja hawezi kusonga mpaka mwenzake amalize sehemu yake?

Wafanyakazi wa Kenya nao waliwahi kupanda jukwaani wenyewe. Mwaka 1977 pale Kamirithu, Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, wakacheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, kwa lugha yao ya Kigikuyu. Wengi wao walikuwa wametoka katika madarasa ya watu wazima. Mazoezi yalifanywa hadharani, na mpita njia alikuwa na ruhusa ya kusema hapo mmekosea, mzee hasemi hivyo. Ngugi amesimulia jinsi wafanyakazi wa kiwandani walivyowapigia wenzao hesabu: viatu vya siku moja vilitosha kulipa mishahara ya mwezi ya kiwanda kizima. Siku nyingine zote za mwezi zilikuwa za nani? Hesabu hiyo hukuipata katika hotuba ya waziri yeyote. Mchezo ulianza mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngugi akatiwa kizuizini, akakaa karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 polisi wakaja wakaubomoa ukumbi.

Na sisi wa Uganda tusijifanye watazamaji wa mambo ya jirani. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Taifa la Maigizo hapa Kampala, aliuawa mwaka huo huo wa 1977, chini ya Idi Amin.

Turudi sasa kwa watoto wetu. Katika shule moja iliyo karibu na shamba tunalofanyia kazi, binti wa mchuma chai alichaguliwa kuwa mchezaji mkuu. Alikuwa amekwisha kuyajua maneno yote. Wiki moja kabla ya mashindano nafasi yake akapewa mwingine, kwa sababu mchango wa mavazi na nauli ulikuwa haujalipwa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na basi la kulipa. Lakini tujiulize, ni mtoto wa nani anayebaki jukwaani kila mwaka? Si wa meneja? Si wa mwenye duka? Ndiyo maana wakikua wao huzungumza na sisi hupiga makofi.

Mashindano ya kuhutubia nayo yana ila yake. Mara nyingi hufanywa kwa Kiingereza, na mtoto hupewa alama kwa jinsi anavyoyabana maneno puani. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba yetu mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na ndicho tunachozungumza kiwandani tunapotoka makabila mbalimbali. Mtoto anayeweza kusimama na kumtetea mwenziwe kwa Kiswahili mbele ya watu mia tatu ndiye mjumbe wa kamati ya wafanyakazi tunayemhitaji kesho. Tunaye katibu wa tawi ambaye anazijua sheria zote za kazi, lakini akiingia ofisini kwa meneja sauti humkauka. Hakufundishwa kusema alipokuwa mdogo, basi.

Kuhusu maonyesho ya vipaji hatuna mengi. Yanachangamsha, na watoto wapate raha. Ila kampuni ya soda ikitoa fulana na zawadi, mtoto ataimba habari za soda.

Tunapendekeza haya yazungumzwe katika mikutano ya matawi kabla muhula haujafunguliwa. Kila tawi litenge fungu dogo katika ada zetu kwa ajili ya kikundi cha maigizo cha shule ambayo watoto wetu wengi wanasoma, na fungu hilo lilipie kwanza wale ambao wazazi wao hawana. Shule iombwe iwe na shindano moja la hotuba kwa Kiswahili. Wajumbe wetu wasiende kuwaandikia watoto mchezo wa chama, watauharibu. Waende kujibu maswali ya watoto kuhusu kazi, mshahara na ajali za mashine, na waache walimu na wanafunzi watunge wenyewe. Siku ya mchezo ikifika, tuombe zamu zibadilishwe ili wazazi waende kutazama. Na mazoezi yanaweza kufanywa katika ukumbi wetu wa tawi, ambao siku nyingi umefungwa na hauna kitu ndani isipokuwa viti.