Uwakili wa mali huanzia nyumbani

Kila mwaka majira ya vuli yanapofika hapa Minneapolis na Saint Paul, makanisa mengi hufanya kampeni ya uwakili. Waumini hugawiwa kadi, na kila mmoja huandika ahadi yake ya mwaka unaofuata. Sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki na Kati tunaandika kama wengine, na si jambo baya. Lakini tunauliza: je, siku nyingine zote watoto wetu wanajifunza nini kuhusu fedha?

Kwa maoni yetu, uwakili hauanzi kwenye kiasi unachotoa. Unaanza kwenye kukubali kuulizwa. Wakili ni mtu aliyeshika mali ya mwenzake, na ipo siku mwenye mali atamwita atoe hesabu. Ndivyo unavyoanza ule mfano wa Yesu katika Injili ya Luka, sura ya 16. Asiyetaka kuulizwa, hata akitoa sana, anajifanya mwenye mali.

Haya hatukuyasoma chuo kikuu. Baba yetu alikuwa mweka hazina wa parokia moja ya Kiprotestanti mjini Bukavu, miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu. Wakati huo bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya, na moja ikawa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Katika vurugu ya namna hiyo, mweka hazina angeweza kusema tu kwamba sadaka imeliwa na bei, na nani angebisha? Baba alifanya vingine. Sadaka ya Jumapili ilihesabiwa mezani mbele ya wazee wawili wa kanisa na mbele yetu watoto. Jumatatu asubuhi iligeuzwa kuwa saruji na mabati ya ujenzi wa kanisa. Risiti zilibandikwa kwenye daftari, na muumini yeyote aliruhusiwa kulifungua. Paa la nyumba yetu lilikuwa linavuja, na mabati ya kanisa yalipangwa uani kwetu. Hakuna hata moja lililopanda juu ya nyumba yetu.

Mji huu nao una mfano wake. George Draper Dayton, mfanyabiashara wa Kipresbiteri, alinunua katikati ya Minneapolis kiwanja cha kanisa la Westminster lililoungua mwaka 1895, na hapo ndipo duka lake lilipostawi kuanzia mwaka 1902. Pombe haikuuzwa, na Jumapili milango ilifungwa. Mwaka 1918 alitenga dola milioni moja kuanzisha mfuko wa hisani. Alifariki mwaka 1938. Mwaka 1946, kampuni ikiwa mikononi mwa mwanawe, iliwekwa kanuni ya kutoa asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, na wajukuu wakaendelea nayo. Kampuni hiyo ndiyo iliyofungua duka la kwanza la Target, huko Roseville, mwaka 1962. Hatusemi kwamba tajiri yule alikuwa malaika. Biashara ni biashara. Tunasema kwamba utoaji wake haukutegemea huruma ya siku moja. Uliwekewa utaratibu, ukarithiwa kama duka lenyewe lilivyorithiwa.

Kinyume chake tumekiona hapa hapa. Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki watu 47 katika kesi ya shirika la Feeding Our Future, wakidai kwamba dola milioni 250 zilizotengwa kwa chakula cha watoto zimeibwa. Machi 2025 mwanzilishi wa shirika hilo, Mmarekani mzungu, alipatikana na hatia. Lakini washtakiwa wengi wana asili ya Afrika ya Mashariki, na aibu imewapata hata wauguzi na madereva wasiohusika kabisa.

Sasa tutazame nyumbani. Wazazi wengi wa jamii yetu wanafanya kazi mbili na kutuma fedha Goma, Kisumu au Mwanza kila mwezi. Mtoto haoni ada ya binamu yake wala dawa za bibi. Anachoona ni kwamba viatu alivyoomba havikununuliwa. Akikua ataacha kutuma, na sisi tutamlaumu kwamba amekuwa Mmarekani.

Waandishi wengi tulio uhamishoni tulikimbia kwa sababu tuliuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Hatuwezi kumdai waziri hesabu, halafu mtoto akiuliza nyumbani aambiwe kwamba hayo si mambo yake.

Ndugu wasomaji, dawa yake haina gharama. Mwisho wa mwezi keti na watoto, weka risiti mezani, taja fungu la kanisa, la kodi ya nyumba, la wazazi kule nyumbani na la akiba. Mwenye miaka kumi na miwili apewe daftari aandike yeye. Apigiwe simu binamu aliyelipiwa ada, wasalimiane. Na vyama vyetu vya misaada visome hesabu zao hadharani, vijana wakiwepo na wakiruhusiwa kuuliza. Kadi ya ahadi husomwa na mweka hazina wa kanisa. Daftari la nyumbani litasomwa na hao watakaoturithi.