Mwalimu Mkongwe si Samaki Mkavu

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ilihusu malezi ya watoto, lakini siku hizi hutumiwa kumbeza mwalimu mwenye miaka hamsini na kitu, eti hakunjiki tena. Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, kauli hiyo nimeisikia mara si haba, aghalabu vinywani mwa vijana wenzangu tunaotarajia kuzirithi nafasi za walimu hao.

Kauli yenyewe haina mashiko. Mwalimu wa Kiswahili anayekaribia kustaafu leo, akiwa na miaka 60, alianza kazi mfumo wa 8-4-4 ungali mchanga. Mfumo huo, ulioanza mwaka 1985, ndio uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Baadaye istilahi zikambadilikia mikononi: yeye aliyefunzwa kuziainisha ngeli kwa viambishi vya nomino zenyewe, M-MI na N-N, akalazimika kujifunza upya kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi, U-I na I-ZI. (Sisi tulioanzia hapo hatuijui tabu ya kusahau ulichokwisha kukariri.) Sasa anatakiwa kutathmini miradi ya wanafunzi na kuziingiza alama katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Je, huyu amekunjwa mara ngapi?

Kinachomkwamisha ni masharti ya kujifunza. Mwaka 2021, Tume ya Huduma kwa Walimu ilipozindua mpango wa kuendeleza taaluma, walimu walitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mifukoni mwao. Wengi waliteta, nami naona waliteta kwa haki. Mwajiri anayeibadilisha kazi ndiye apaswaye kuugharimia ujuzi unaohitajika. Isitoshe, kijana hulipa akitazamia kupandishwa cheo. Aliyebakiza miaka mitatu analipia nini?

Hata hivyo, wapo wakongwe wasiokosa lawama. Kila kinachohusu kompyuta humwachia mwanafunzi-mwalimu, wakidai kuwa muda wao umekwisha. Ikumbukwe kwamba miaka hiyo mitatu iliyowasalia ndiyo yote aliyo nayo mtoto katika sekondari ya msingi.

Chama chetu kina nafasi hapa. Kila mwaka wanachama wetu huenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na wengi hurudi na ripoti iliyotiwa sahihi tu. Napendekeza wakae na mwalimu mkongwe jioni mbili kwa juma. Wamwonyeshe namna ya kuingiza alama katika tovuti, naye awaonyeshe anavyolituliza darasa la wanafunzi 60 bila kupaza sauti.